Siku Niliyosimama Katikati ya Mteremko

Watu wa Buffalo, mji wa Marekani tulikohamia, walikuwa wakiniuliza msichana wa Kongo amejulia wapi kuteleza kwenye theluji. Niliwajibu kwa kiburi: kwa kubeba kuni. Walicheka, wakidhani nawatania.

Nilikulia Kivu, chini kabisa ya milima ya mbuga ya wanyama. Tangu nina miaka saba nilishuka na mama na majirani zake, mzigo mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Anayebeba hivyo hushuka magoti yamekunjwa, kifua mbele, macho yakitafuta pa kukanyaga hatua ya tatu, si ya kwanza. Shule ya huku ilipotupeleka kwenye vilima vya kusini mwa mji kujifunza mchezo huu, kocha alinitazama mara moja tu, akataka kujua nimefundishwa na nani. Wenzangu waliogopa kuinamia bondeni. Mimi sikujua kushuka kwingine.

Lakini milima haikunifundisha magoti tu. Kuokota kuni mbugani kulikatazwa, na msituni mlikuwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo wanawake walitembea kwa mstari. Aliyeanguka na mzigo ule hawezi kuinuka peke yake. Basi sheria ilikuwa moja: akianguka mmoja, aliye karibu anatua wake na kumwinua. Hakuna kuuliza. Niliwahi kuona walinzi wa mbuga wakija mbio, na hakuna mama aliyekimbia mpaka mwenzao aliposimama.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule, kocha wa timu ya chuo alikuja kutazama mashindano. Ilibaki nafasi moja ya kuchezea timu yake na kusomeshwa bure, na tulibaki wasichana wawili. Tulishuka sambamba, kila mmoja na njia yake yenye nguzo za kuzunguka. Mama aliomba ruhusa kwenye ghala alikofanya kazi, akasimama chini na koti lake la kazi. Nilikuwa mbele kidogo niliposikia kishindo na yowe la mwenzangu nyuma yangu.

Nilisimama. Sikuamua, nilishtukia nimeshasimama. Nikavua ubao wa kutelezea wa mguu mmoja, nikaanza kupanda kumfuata. Yeye alikuwa ameshainuka. Alinikodolea macho kama anayemwona mwendawazimu, akazunguka nguzo yake, akanipita, akaenda zake mpaka mwisho. Nafasi ikawa yake, tena kwa haki.

Kocha wangu aliniuliza mara tatu kwa nini nilisimama.

Mama alinipokea na swali lake. "Ule mutoto aliumia?"

"Hapana."

"Bon, donc tushukuru Mungu. Ulifanya muzuri."

Nilitamani anigombeze. Nilimchukia siku ile, yeye na milima yake yote.

Sasa nafunga masanduku kwenye ghala hilohilo huko Lackawanna, zamu moja na mama. Kanisani wananiambia Mungu ana mpango wake; labda, ila mimi sijauona. Najiambia kwamba leo ningempita yule msichana hata theluji ingekuwa nyekundu kwa damu. Najiambia hivyo karibu kila siku. Wiki iliyopita mwenzangu aliteleza kwenye sakafu ya ghala, nikajikuta nimeshapiga magoti kando yake, kazi ya watu wote imesimama, msimamizi ananipigia kelele. Nilikuwa nalia, na yeye hakuwa ameumia popote.