Fouga na Pipa

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, lakini kila iliyopita juu ya mtaa wetu wa Bel-Air ikielekea uwanja wa Luano ilimnyamazisha. Aliacha neno katikati, kijiko hewani, mpaka mlio uishe. Sisi watoto tulimcheka. Baba alitukemea, ila sababu hakutupa.

Huenda ndiyo maana nilikua na wazimu wa ndege. Nafundisha ufundi wa injini pale chuoni Kasapa, mbele ya vijana wanaosinzia, lakini ugonjwa wangu hasa ni ndege za vita za jeti, zile za mwanzo. Ukinigusa kidogo tu nimeanza, na mke wangu anahama sebule.

Mwaka huu, msimu wa vumbi, mama alilala na hakuinuka tena. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, na sote tukaelewa. Alasiri moja nilikuwa namlisha uji, ndege ikapita. Ilipokwisha kupita akaniuliza, akiniita papa kama akina mama wa hapa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume:

"Papa, weye njo unafundisha mambo ya moteri. Ile Fouga na ile Pipa, gani ilikuwa na mbio?"

Kusema kweli nilifurahi, mjinga mimi. Jeti hizo mbili zilipita juu ya mji huu wakati wa vita vya Katanga kutaka kujitenga, mama akiwa msichana mdogo katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Fouga ilikuwa ya Katanga; Pipa lilikuja na askari wageni wa kulinda amani. Nikaweka bakuli chini, nikajitia mwalimu.

Fouga, nikamwambia, ilitengenezwa kufundishia marubani. Mabawa yake yamenyooka, injini mbili ndogo, bunduki mbili puani, mkia umefunguka kama vidole viwili. Ilipiga mluzi, ukaisikia ingali mbali. Pipa lilikuwa nene, baya kutazama, lakini lilikuwa na injini moja yenye nguvu, mabawa yaliyolazwa nyuma na mizinga minne. Mtu aliyekuwa chini alilisikia limeshamfikia. Fouga mbele yake ni baiskeli mbele ya pikipiki. Nikaanza hata habari za Sabre, iliyolizidi Pipa kidogo kwa mbio.

Hakuwa ananisikiliza.

"Kutoka pale unasikia Fouga mpaka inakufikia ku kichwa, mutoto anaweza kutoka ku robine mpaka ku nyumba?"

"Mutoto gani, mama?"

"Miye."

Ndipo akanisimulia, kwa mara ya kwanza. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, yaani mama yake mama, alikuwa ameenda sokoni na kumwachia amlinde mdogo wake wa kiume, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Mtoto alilala, mama akatoka na ndoo kwenda bombani, kwenye robine ya kambi. Mluzi ukasikika. Wote waliokuwa pale wakakimbilia mferejini, naye akakimbia nao. Risasi zilizokusudiwa askari wageni waliokuwa jirani zilipita kwenye mabati ya nyumba yao, zikamkuta mtoto ndani.

Kambo hakumpiga wala hakumtukana. Ila watoto waliofuata aliwapeleka kwa jirani walelewe huko, na hata mimi nilipozaliwa alikuja kliniki akanitoa mikononi mwa mama yangu, bila kusema kitu. Alikufa hivyo hivyo. Mwanamke yule nilimpenda sana, na siku hiyo nilimchukia.

"Baba yako alisema muda haikukuwa. Padri naye. Bote balinidanganya ju ya huruma," mama akasema. "Weye unajua hesabu. Na miye naenda kumukuta mama. Nataka kujua mbele."

Nilitamani liwe Pipa. Kwa Pipa hakuna mtoto ambaye angewahi, na maneno yangeishia hapo.

"Ilikuwa gani?"

Akainua vidole viwili, akavitenganisha. Ule mkia.

Nikamwuliza bomba lilikuwa wapi na nyumba wapi, nikapiga hesabu kichwani. Nikairudia nikitumaini nimekosea, kitu ambacho sijawahi kukiombea maishani. Muda ulikuwepo. Nikatafuta uongo wa kumpa. Nikauacha, maana angeujua tu. Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili, na nilipouona nilipumua.

"Kufika ungefika, mama," nikamwambia. "Kutoka naye, hapana. Ingewakuta nyote wawili mule ndani. Hungemwokoa kabisa."

Nilifikiri nimempa kitu. Ulikuwa ukweli mtupu, bila huruma iliyochanganywa ndani, na ulimwondolea lawama. Nilikaa nikimngojea alie au ashukuru.

Alitazama dari.

"Kumbe mudogo wangu angekuwa na muntu," akasema, kisha akageukia ukutani.