Hesabu Iliyogeuza Maji Mtaani Kwetu

Enzi zetu Kisangani, mvua ilikuwa na adabu: ilianza kupiga kelele kwenye mabati ya upande wa Mangobo, na ilipotufikia sisi watoto tulikuwa tumeshavua mashati. Wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi shuleni tuliimba na kulicheza jina la chama tawala mpaka jasho, ndipo tukaingia darasani na njaa zetu. Mimi, sijui niliumbwaje, nilingojea somo la hesabu kama wenzangu walivyongojea mikate ya moto ya pale langoni. Nilihesabu kila kitu. Hata tulipocheza nzango, wasichana tukiruka na kupiga makofi, nilikadiria mwenzangu atatoa mguu gani, na nilishinda mara nyingi hadi wakaniita mchawi. Mama, huku akitwanga lituma, ndizi zetu za kuponda, alinikuta nachora pembetatu kwenye majivu.

"Hii hesabu yako itatupikia pondu?" aliuliza, akionyesha kisamvu chake.

Chini ya mtaa wetu kulikuwa na chemchemi, na sote tulikunywa hapo. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji machafu ya barabara ya juu yalipita kwenye vyoo na kushuka moja kwa moja hadi ndani yake. Watoto waliharisha. Mdogo wangu Sefu alilazwa, akarudi na shingo nyembamba ya kuku. Chef, yaani mkuu wa mtaa, akatangaza kwamba mambo yakiendelea hivyo ataifunga chemchemi, na mama zetu wataenda kuteka mtoni, mbali kabisa.

Jumamosi ikafika ya salongo, ile kazi ya lazima ambayo kila raia aliiendea na jembe lake. Tukachimba mtaro wa kuyapeleka maji kwenye kijito upande wa pili. Chef alionyesha njia kwa kidole tu. Papa, baba yangu aliyekuwa karani, alichimba na viatu vyake vya ofisi. Alasiri mvua ikaja. Maji yakaingia mtaroni vizuri, yakafika katikati, yakasimama yakifikiri, kisha yakageuka na kuingia uani kwa chef mwenyewe. Viti vyake vikaelea, na bata wake wakapanda juu yavyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini kimya kimya, kwa maana chef alikuwa chef.

Mimi nilikuwa na wazo. Mbele ya mtaro ardhi ilikuwa imeinuka kuliko nyuma. Jicho halikuona, lakini hesabu ingeona. Rafiki yangu Mwajuma, binti wa fundi cherehani, alikuwa na tonton, mjomba wake, aliyesafiri kwa mashua hadi Basoko, na tonton huyo alikuwa na mpira mrefu, mweupe wa kuonyesha ndani, wa kunyonyea mazuti, yaani dizeli. Tukauazima. Ukiujaza maji na kuinua ncha zote mbili, maji husimama usawa mmoja huku na kule. Unapima kwa rula kutoka usawa huo hadi chini, pande zote mbili, unatoa, na unajua ardhi inateremkia wapi. Mwajuma aliuvuta kwa mdomo kuuanzisha, akapata ladha ya mazuti.

"Mathe yako, hii hesabu, itaniua," alisema, akitema. Tukacheka tena, tukaendelea kupima.

Nilimchorea Papa vipimo ardhini. Alivitazama, kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa mwalimu wetu wa hesabu, kijana mrefu aliyefundisha huku akirukaruka mbele ya ubao. Mwalimu akarudia kupima pamoja nasi, akakuta nimekosea kutoa fasi moja, yaani mahali pamoja, akasahihisha. Halafu tukaenda wote kwa chef.

"Citoyen chef," mwalimu alisema, maana enzi zile kila mtu aliitwa raia, "tulipatia maji amri, ikakatala. Alors, tujaribu na hesabu."

Chef akawaangalia bata wake. "Bon. Muchimbe fasi mutoto anasema."

Tukachimba upya. Mvua iliyofuata, mtaa mzima ulitoka nje kuloa. Maji yalishuka, yakaingia mtaroni, yakafika mahali pale pa aibu, na yakapita. Yakapita! Yalikimbia mpaka kijitoni, nasi tukikimbia kando yake, na Mama, mwiko mkononi, akaruka nzango matopeni mbele ya wakwe zake. Chemchemi haikufungwa.

Tangu siku hiyo sikushikika. Nilichagua hesabu sekondari, nikaenda chuo, nikawa injinia wa mazingira. Watu hudhani nilianza kwa kupenda misitu. Hapana, nilipenda kutoa na kugawanya, na hesabu ndiyo iliyonipeleka kwenye maji machafu na takataka za watu, ambako nimekaa kwa furaha hadi leo.

Majuzi nilikwenda kupima mtaa fulani pamoja na vijana wangu wa kazi. Mashine zao ndogo zinapima vizuri kuliko sisi zamani, sikatai. Mmoja aliomba tusubiri matope yakauke, maana viatu vyake ni vipya. Mwingine alinionyesha mteremko kwenye simu bila kuinua macho kuutazama. Mtaro wa hapo ulikuwa umejaa chupa za plastiki, na wenyeji wakatuuliza ni kazi ya nani kuziondoa. Nilicheka, nikageuka nimtafute mtu wa kucheka naye, mtu aliyewahi kusimama kwenye mvua akisubiri maji yapite. Vijana wangu wote walikuwa wameshaingia garini.