Siku Niliyowaingiza Wakwe Kinyumenyume

Jamani, hii habari nimeikalia muda mrefu, na ningeendelea kuikalia kama si kwamba mtaa wetu wote wa Mlandege hapa Iringa wanaijua na kila mtu anaisimulia kwa chumvi yake, wapo wanaosema mzee alivunjika kiuno (hakuvunjika), wapo wanaosema niliwafungia wakwe mlango wakabaki nje (uongo mtupu), kwa hiyo bora niiseme mimi mwenyewe niliyejiaibisha, maana hata bila kuongezewa kitu aibu yake inatosha.

Mnajua mimi niliishia darasa la saba. Nimezaa, nimelea, nimeimba kwaya ya akina mama mpaka sauti imekauka, na nilipovuka arobaini nikasema sasa naenda masomo ya jioni, nifanye mtihani wa kidato cha nne kabla sijaitwa bibi. Masomo mengine nayaweza. Kilichonishinda ni Kiingereza, na si mimi peke yangu, darasa zima tulikuwa tukiulizwa swali tunaangalia madaftari kama vile jibu litatoka humo. Basi mwalimu wetu, mwalimu Benja, kijana mpole sana, akaja na mbinu. Akasema kila kundi litunge nchi yake, nchi ambayo haipo duniani, iwe na jina, bendera, chakula, salamu, na jinsi wanavyopokea wageni, halafu nchi zitakuwa zinatembeleana humo darasani na kuongea Kiingereza. Akasema mtu akikosea hakuna wa kumcheka, kwa sababu hiyo nchi haipo, nani anajua Kiingereza cha huko kikoje.

Kundi letu tukaiita nchi yetu Sambolandi, bendera yake ina parachichi katikati. Mama Semeni, jirani yangu anayekaanga maandazi, akawa Rais kwa sababu ya sauti yake. Mimi wakanipa Uwaziri wa Mila. Na ile kazi niliifanya kwa moyo wote, mpaka mume wangu akawa anauliza kama huko kuna mshahara. Kwanza nilikataa Sambolandi kuwa na waganga wala mizimu, na kabla ya kula lazima wasali (Mama Semeni akasema sasa hii si nchi, ni usharika). Halafu nikafika kwenye mapokezi ya wageni. Hapo nilikumbuka siku mchungaji alipokuja kwangu ghafla akanikuta na sufuria za jana zimelala katikati ya sebule, nikasema kwenye nchi yangu mimi hilo halitatokea. Nikatunga kwamba Sambolandi mgeni wa heshima anaingia ndani kinyumenyume, polepole, macho yakiwa nje, na hageuki mpaka mama wa nyumba amwambie geuka. Yeye anaingia, wewe unaficha vyombo.

Mwalimu Benja alicheka mpaka akavua miwani, akasema katika nchi zote hakuna mila iliyofikiriwa vizuri kama hiyo. Sifa jamani. Mimi si mtu wa kusifiwa kila siku. Wiki nzima tukawa tunafanya mazoezi, naingia darasani kinyumenyume, narudi nyumbani nawafundisha watoto, mila ikanikaa mwilini kama ya kuzaliwa nayo.

Sasa wiki hiyohiyo ndiyo tulikuwa tunasubiri wakwe. Binti yangu Yusta, anayefundisha chekechea, alikuwa amepata mchumba, Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, kwao ni Iyunga, kijana anayejiheshimu. Shida ilikuwa kwa baba yake. Mzee hakuwa na ubaya, ila alisema watu wa Iringa yeye hawajui, na yeye anataka mkamwana anayejua heshima ya baba mkwe. Maana kwao, wale wanaoishika mila mpaka leo, mke wa mtoto wako hakutazami usoni, hakupi mkono, ukipita njia anakupisha. Wengi wa mjini wameacha, mzee hakuacha. Basi mama Ambakisye alikuwa anamfundisha Yusta kwa simu, miezi na miezi, na mwanangu akakubali kwa moyo mweupe. Siku hiyo mzee alikuwa anakuja kutuona sisi ni watu wa namna gani. Akiridhika, ndoa ingefungwa baada ya Pasaka. Asiporidhika, Ambakisye alishatuambia wazi kwamba bila baraka ya baba yake haoi.

Kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Baba Mkubwa, ndiye alikuwa msemaji wetu, na alishatukalisha chini akatuonya kwamba Wanyakyusa wana heshima zao za ukwe, tukiona jambo hatulijui tufuate tu, tusiulize. (Baadaye ndiyo tukajua kwamba na kule Iyunga mshenga wao aliwaambia vilevile kuhusu sisi Wahehe. Sikilizeni basi.)

Asubuhi wakapiga simu kwamba gari limepasuka tairi njiani, Nyololo, wanatafuta fundi. Mimi nikashusha pumzi. Nje kulikuwa na ile mvua ya upepo ya kwetu, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, nikaingiza beseni la vyombo sebuleni, nikaingiza na kuku wa kunyonyoa, nguo za kupiga pasi zimejaa kwenye makochi. Wanaume wako uani kwenye moto, Mama Semeni yuko jikoni ananisaidia kupika, Yusta kajifungia chumbani anajiandaa. Kumbe fundi alipatikana palepale. Nasikia hodi, nafungua mlango nikidhani ni watoto, nakutana na mzee wa watu, koti, kofia, fimbo mkononi kwa sababu ya goti, mkewe yuko nyuma yake, mshenga, na ndugu wengine. Na mimi nina manyoya ya kuku kwenye nywele.

Hapo ndipo ningesema tu, karibuni jamani, mmenikuta vibaya. Wangecheka, yangeisha. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe.

"Karibuni sana wakwe zetu. Ila kwetu hapa mgeni wa heshima anaingia kinyumenyume."

Wakaangaliana. Mzee akauliza, "Wote?"

"Wote, baba."

"Na fimbo?"

"Na fimbo."

Mshenga akamnong'oneza kitu, mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka. Wote wakageuka. Nikaanza kazi, nguo chini ya kochi, kuku chini ya meza, beseni nikalisukuma kwa mguu pembeni ya mlango, huku nawaambia polepole baba, kuna kizingiti, polepole. Nilitaka dakika mbili tu. Kumbe Baba Mkubwa amesikia gari, ameingia kwa mlango wa uani na wenzake, anakuta Wanyakyusa wanaingia nyumbani kwetu kwa migongo. Nikamsikia anamwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo ile heshima yao ya kutotazamana. Na yeye akageuka akaangalia ukuta, akawaashiria wenzake, wote wakageuka. Basi mnaiona ile sebule? Koo mbili zimepeana migongo. Baba Mkubwa anausalimia ukuta kwa Kihehe, "Kamwene," na mzee anajibu kwa Kinyakyusa akiwa ameiangalia barabara, "Ndaga," kwa heshima zote, na mimi katikati nina manyoya ya kuku.

Nilikuwa nimefungua kinywa niseme. Naapa nilikuwa nimekifungua. Lakini fimbo ya mzee ilishagusa ukingo wa beseni, goti likakataa, akakaa. Akakaa ndani ya yale maji ya vyombo, na koti lake la kutokea, sufuria zikapiga kelele mpaka kwa jirani.

Yusta kule chumbani alijua ni mimi nimeanguka, maana nina presha. Akatoka mbio, hakuangalia, akaona mtu yuko kwenye beseni, akampitishia mikono kwapani, akamnyanyua, akamgeuza, akaanza kumfuta uso kwa taulo. Ndipo akaona ni uso wa nani. Uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, na yule mzee ambaye yeye Yusta alifundishwa miezi yote ile asimtazame hata akiwa mbali. Akamwachia, mzee akarudi kwenye beseni. Mama Ambakisye akajishika mdomo. Mwanangu akajifunika lile taulo kichwani akakimbilia chumbani, na kilio chake tukawa tunakisikia wote, hakuna aliyecheka, msije mkadhani kuna mtu alicheka.

Mzee akapewa suruali ya mume wangu (ilimwishia juu ya vifundo). Wakakaa sasa kwa kuangaliana. Akasema kwa upole kabisa kwamba hana kinyongo, kuanguka ni kuanguka, ila angependa ndugu zake Wahehe wamfafanulie ile desturi ya kuingia kinyumenyume maana yake ni nini. Baba Mkubwa akashangaa, akasema sisi tulijua ni ya kwenu. Halafu macho yote kwangu, na Baba Mkubwa akaniuliza, kwa sababu mimi ni Mbena wa Njombe niliyeolewa Uheheni, kama labda ni ya kwetu Ubena.

Nikasema ndiyo. Mimi ninayewafundisha watoto wa usharika amri kumi kila Jumapili, nikasema ndiyo, ni ya bibi zangu. Na mzee wa watu akakubali, akamgeukia mkewe akamwambia siku wakienda Njombe kusalimia wasije wakasahau.

Hata sikumaliza kumeza mate, mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Semeni akaingia na sinia la chai. Kinyumenyume. Alikuwa amechungulia mapema akaona watu wamepeana migongo, akajua nimewafundisha wageni mchezo wetu ili kuchangamsha shughuli, na yeye asibaki nyuma. Akafika katikati, bado katupa mgongo, akasema kwa ile sauti iliyompa urais, "Welkamu tu Sambolandi, mai pipo," akasubiri nimwambie geuka.

Mshenga akauliza Sambolandi ni wapi.

"Ni nchi yetu ya darasani, baba. Mimi ni Rais, huyu ndiye Waziri wa Mila. Hii ya kinyumenyume katunga yeye."

Simlaumu. Hakujua. Nikapiga magoti palepale nikaeleza yote, darasa, sufuria, kuku chini ya meza (miguu yake ilikuwa inaonekana). Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake.

"Mama, goti hili linaniuma hata nikitembea mbele. Nilikwenda nyuma kwa sababu niliwaheshimu. Kumbe nimeuheshimu mchezo."

Chai walikunywa, hawakuwa watu wa kususa. Lakini lile neno lililowaleta hawakulitoa. Wakaaga mapema, wakasema njia ni ndefu. Jioni Yusta akanijia jikoni, macho yamevimba, akaniambia neno moja tu. "Mama, mimi nimejifunza mila ya watu nisimwaibishe yule mzee. Wewe umetunga yako kwa ajili ya sufuria." Tukakaa nyumba moja muda mrefu bila mazungumzo, zaidi ya shikamoo na marahaba.

Nilifunga, nikaomba, na moyo uliponiambia kuomba peke yake hakutoshi nikapanda basi kwenda Iyunga peke yangu. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikarudia yote, na ule uongo wa Ubena nikautaja kwa jina lake, uongo. Alinisikiliza ameangalia pembeni. Akasema la Yusta wazee wa kwao walishakaa wakalisawazisha, mtoto hakukusudia, na alipomfuta uso alimfuta kama baba yake. Na mimi akanisamehe. Ndoa ikasogezwa mpaka baada ya mavuno, lakini ikawepo, Mungu ni mwema, na mngeishia hapo mngesema mkasa umekwisha vizuri.

Ila kabla ya ndoa ilibaki siku ya jembe. Kwenye ukoo wetu jembe la kumwombea binti linapokelewa na shangazi yake, amepiga magoti, mikono yote miwili mbele, na halishushwi chini. Hiyo ni ya kweli, ya tangu zamani. Shangazi yake Yusta ni mzee, magoti yake ni mabovu kuliko ya yule mzee wa Iyunga, lakini alipiga. Baba Mkubwa akasimama akaeleza maana yake vizuri kabisa. Alipomaliza, mshenga akakohoa kidogo, jembe likiwa bado mkononi mwake.

"Samahani baba. Hii ni yenu ya kweli, au ni ya kule darasani?"

Wageni wakacheka, na hata baadhi ya wa kwetu. Hakuwa na nia mbaya, na nyie mngeuliza. Lakini Baba Mkubwa, msemaji wa ukoo mzima, ikabidi aanze kuapa mbele ya watu kwamba mila ya baba zake ni mila, na muda wote huo shangazi yuko chini, mikono imenyooshwa, mitupu.

Shughuli ilipokwisha nilimsindikiza shangazi kwake. Tulitembea kidogo, akaniambia kwamba amepokea majembe ya mabinti wote wa ukoo ule, na hajawahi kuulizwa kama ni kweli. Hakuwa na hasira, alisema tu, kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma. Na tangu siku hiyo, nikiwa mbele ya watu nikasikia neno la kunipendezesha linakuja mdomoni, hata liwe dogo namna gani, nafunga mdomo, na wakati mwingine naufunga kwa mkono kabisa, watu wanadhani jino linaniuma.