Bunduki ya Pili

Mimi si mtu wa kutulia. Mke wangu husema hata kanisani nachezesha mguu mpaka benchi zima linatikisika, na kwetu Manyatta majirani wamezoea kuniona jioni nikikata ua ambao niliukata asubuhi. Aliyeniajiri kuwa askari wa wanyamapori, kazi ya kunyamaza kichakani mpaka miguu ife ganzi, sijui alikuwa ameona nini kwangu.

Mwenzangu wa kazi alikuwa mzee wa Kiirua, kule Meru, mrefu, mpole, anayetafuna maneno yake taratibu kabla ya kuyatoa. Watu hutania kwamba hasira ya Mmeru iko karibu na mkono wake. Basi yeye yake alikuwa ameiacha nyumbani kwenye shamba la viazi, na mimi Mwembu nikawa nabeba ya watu wawili.

Asubuhi moja tuliitwa Kiambere. Nyati alikuwa amenaswa mguu na waya wa mtego, akaukata huo waya, akajificha kwenye kichaka kando ya bwawa. Jana yake alimrusha mchungaji wa mbuzi akamvunja mbavu, na sasa hakuna aliyethubutu kushuka kuteka maji. Tulitakiwa kwenda kummaliza. Nyati mwenye maumivu hakukimbii, anakungoja. Nilijua hilo, na nilitaka kurudi kwa watoto wangu na mwili mzima.

Hapo ndipo tulipokosana. Kituo chetu kina bunduki mbili za kazi hiyo. Kwenye vitako zimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na hakuna anayeziita kwa jina lingine: ya kwanza, ya pili. Mzee alitaka twende na moja tu. Mimi nikasema mbili, kila mtu na yake. Je, ikikwama? Je, akikosa shabaha, nitampiga nyati kwa kofia? Akasema bunduki ni nzito, kichaka ni kidogo, makaratasi ya kutoa silaha ni mengi. Sababu za ovyo, za mtu ambaye hataki kutaja ile yenyewe. Nilipandwa na hasira nikamwambia kama amechoka kuishi aende peke yake. Alinitazama, kisha akamgeukia mama anayetunza ghala la silaha.

"Lete ya pili," akasema.

Nikashusha pumzi. Nilijua nimeshinda, na nikatoka nje kuzunguka gari na kupiga magurudumu teke ingawa hayakuwa na shida yoyote.

Safari nzima nilikalia miiba. Kiritiri tulisimama kunywa chai, mzee akamaliza vikombe viwili na chapati, mimi nikaacha yangu ikapoa. Kadiri tulivyoteremka joto liliongezeka, na ile barabara ya vumbi ikawa kama haina mwisho. Niliuliza mara ngapi sijui kama tumekaribia. Mzee akanijibu kwamba Kiambere haijahamishwa.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mwenye shamba la muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, lililopakana na kile kichaka. Majani yalikuwa yamepitiliza wakati wa kuchumwa na hakuna aliyekubali kuinama pale. Alituonyesha damu kwenye nyasi, na njia ambayo nyati alipitia. Mzee akafungua nyuma ya gari, akatoa bunduki yenye namba mbili. Nami nikaingiza mkono kuchukua yangu. Nikafunua turubai. Kulikuwa na jembe, gurudumu la akiba na dumu la maji, basi.

Nikampigia simu yule mama wa ghala, nikiwa tayari nafoka. Hakutikisika.

"Afande, niliambiwa nilete ya pili, nikaleta ya pili. Hiyo nyingine nani aliniagiza?"

Damu ilinichemka mpaka masikio. Mtu anasema ya pili akimaanisha iongezwe juu ya ile nyingine, mwenzake anasoma rangi ya kwenye kitako! Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi. Mzee alikuwa anapangusa bunduki kwa kitambaa, polepole, macho kwenye maji ya bwawa. Nikamwambia turudi tukachukue nyingine. Mama mwenye shamba akasema mapipa ni makavu, jioni ikifika lazima mtu ashuke bwawani, nyati awepo asiwepo. Mzee akaniambia ningeweza kubaki naye pale shambani, si vibaya. Mama akaniangalia. Sasa ningebakije?

"Basi kaa nyuma yangu," mzee akasema. "Usinipite."

Niliogopa, siwezi kusema vingine. Tulipoingia kichakani sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliitia mfukoni, nikaitoa. Niliokota jiwe, nikajiona mjinga, nikaliachilia. Mgongo wa mzee ulikuwa mbele yangu, shati limelowa jasho kati ya mabega, naye akipiga hatua moja na kusimama, moja na kusimama, mpaka nikatamani kumsukuma. Miiba ya migunga ilinishika mikono ya shati. Inzi walikuwa wengi. Nilisikia harufu ya kidonda kabla sijasikia kitu kingine.

Nyati hakutokea mbele. Alitokea kulia, karibu sana, kichaka kikapasuka na kichwa cheusi kikaja chini chini. Mzee akaruka kando kumkabili, akakatiza mbele yangu, na bunduki ikalia. Nyati akapiga magoti, akateleza kwa kidevu, akalala hatua chache kutoka kwenye viatu vyake. Mzee akampiga risasi nyingine shingoni kuhakikisha. Kisha kimya, na masikio yangu yakivuma.

Hapo ndipo nilipoona mikono yangu. Ilikuwa juu. Wa kushoto umenyooka mbele, wa kulia umekunjwa kwenye bega, na kidole cha shahada kilikuwa kimeshavutwa mpaka mwisho. Sikumbuki kuiinua. Nilifuata mkono wangu wa kushoto kwa macho, nione ulikuwa unalenga nini, na mwisho wake palikuwa na shati lililolowa jasho kati ya mabega.

Mzee akageuka. Aliniona kabla sijaishusha. Aliangalia mikono yangu, akaangalia mahali alipokuwa amesimama, akarudi kwenye mikono. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Risasi yako imeenda wapi?" akauliza.

Nikashusha mikono.

"Kwako, mzee."

"Ndiyo maana nilimwambia ya pili," akasema. "Yule mama wa ghala hukosea kila kitu, lakini namba hakosei."

Akatoa risasi zilizobaki, moja moja, akazitia mfukoni mwake na kufunga kifungo. Kisha akanipa bunduki nimbebee mpaka kwenye gari.