Kitabu Kilichomkera Mama Steven

Mtu akisoma kitabu si asome anyamaze? Mama Steven hawezi. Jina lake Mektilda, Mchaga wa Marangu, anauza mashuka na mapazia kwa jumla hapa Kariakoo, mlango kwa mlango na duka langu la vyombo vya plastiki. Riwaya inaandikwa na mtu mwingine huko, kelele napigiwa mimi, Mama Nassibu.

Vitabu anaazimwa na mteja wetu wa Upanga, Mama Manan, Mhindi mstaafu anayependa riwaya mpya za Kiswahili kuliko sisi wenyewe. Cha kwanza mwaka huu kilimhusu mfanyabiashara wa Kariakoo. "Eti mwanamke anafungua duka saa nne, anakunywa kahawa, anatafakari," Mama Steven akaniambia. "Saa nne mimi koo limeshakauka kwa kubishana bei. Huyu mwandishi hata Msimbazi amewahi kufika?" Cha pili kikamkera kwa sababu mama wa mhusika kafa ukurasa wa kwanza ili mwanawe apate akili. "Kwani mtoto hapati akili mpaka mama afe?" Na mimi hapo nina mteja amesimama anataka madumu, bei sijamtajia.

Novemba akaletewa cha tatu. Hicho alikitupa juu ya robota la mashuka, akaja kwangu anahema. Humo kuna Mchaga kamkosea ndugu yake, akampelekea jani la isale kumwomba radhi, ndugu akalitupa dirishani.

"Uongo mtupu," akasema. "Isale haikataliwi. Kwetu hata ukose vipi, ukimpelekea mtu jani lile anakusamehe, apende asipende. Watu wanaandika mila wasizozijua."

Nilichoka jamani. Maana najua, na mtaa mzima unajua, kwamba mdogo wake Gaudens anauza vifaa vya umeme mtaa wa pili tu hapo, na hawajasalimiana tangu mwaka juzi. Mama yao alikuja mjini kutibiwa, akafikia kwa Gaudens, Buguruni. Mama Steven kumkuta amekonda, akasimama mbele ya ukoo akasema mke wa Gaudens anamnyima mkwewe chakula. Akamhamishia mama kwake. Kule nako akazidi kukonda, kwa kuwa ni vidonda vya tumbo na chakula hakimkai. Yule mke alikuwa akimpikia uji wake peke yake tangu siku ya kwanza. Mama Steven akalijua hilo, na samahani hakusema.

Sasa kila Desemba wanapanda Marangu kwa siku tofauti, huyu akifika yule keshaondoka. Mwaka huu mama, aliyekwisharudi Marangu, amepiga simu, anasema hana nguvu tena, anataka kuwaona wanawe mezani pamoja kabla hajafumba macho. Mama Steven anakonda kwa jambo hilo, halafu anakuja kunigombezea waandishi.

"Kama haikataliwi, wewe unangoja nini?" nikamwambia. "Kitabu cha watu unakionea bure."

Akaniangalia vibaya sana. Kisha akauliza, taratibu, "Isale nitaipata wapi mjini hapa?"

"Ua la Mama Manan pale kibarazani, si ulisema ndilo hilo hilo?"

Kesho yake akaja na jani limefungwa kwenye kitenge, akanilazimisha nimsindikize. Nikaacha duka langu, nikaenda. Tukamkuta Gaudens anampimia fundi waya. Mama Steven, ambaye sijapata kumsikia akipunguza sauti, akasema chini chini, "Gaudens, mdogo wangu, nilikosa. Nisamehe." Akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Gaudens akaliangalia mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea, naye kwa mikono miwili. Mama Steven akanigeukia uso umekunjuka, nikajua anamcheka mwandishi moyoni.

"Nimekusamehe, dada," Gaudens akasema. "Isale siwezi kuikataa. Lakini uliyemsingizia mbele ya ukoo ni Nice. Yuko nyumbani Buguruni, na kwake hujabisha hodi. Mimi Marangu siendi meza moja na mtu aliyemruka mke wangu." Akalilaza jani vizuri kwenye rafu, akarudi kwenye waya wake. "Mpishe mteja, tafadhali."

Akampisha. Tulipofika nje nilikuwa na maneno yangu tayari, mengi tu, ya tangu mwaka juzi. Nikamwona analia, na watu wa mikokoteni wanampita huku wanapiga kelele asogee.

"Mimi nimemuwaza Gaudens muda wote huu," akasema. "Mama Nassibu, yule Nice sikumfikiria hata mara moja."

Nikamshika mkono tukavuka barabara.