Kidole Kwenye Kioo

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Kihesa, Iringa, nami baada ya matanga nikarudi kazini Mbeya. Kompyuta ya baba niliiacha pale pale ilipokuwa, kwenye meza ya kona sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma. Nilimfundisha mama kuiwasha na kufungua intaneti, ili Jumapili akitoka ibadani tuonane kwa video. Zaidi ya hapo hakujua, wala hakutaka kujua.

Jumapili moja hakutokea kwenye video. Akanipigia simu, sauti ikiwa ya chini kama ya mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili.

"Baba yako anaitwa kwenye kompyuta."

"Anaitwa na nani, mama?"

"Sijui. Nikifungua tu, wanamtaja jina. Wanamwambia arudi. Njoo uone mwenyewe, mambo haya siyasemi kwenye simu."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Ilikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Iringa unaopita katikati ya sweta. Mama alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akanimiminia chai, na kabla sijainywa akakiondoa kile kitambaa mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua uso wa mgonjwa aliyelala.

Nikawasha. Nilipofungua intaneti, ule ukurasa tuliouzoea haukuja. Ulikuja mwingine, wa samawati iliyofifia, wenye picha ya mwanamume aliyevaa koti jeupe akitabasamu, na juu yake maneno haya: "Karibu kurudi," kisha jina la baba. Mara mlio mwembamba ukasikika, na kwenye kona ya chini kikatokea kisanduku: "Sisi tulikukosa wewe. Usiondoke tena."

Najua kompyuta ni kitu gani. Nashinda mbele yake kutwa nzima ofisini. Lakini nywele zilinisimama.

"Kamwene," mama akasema nyuma yangu, salamu yetu ya Kihehe, taratibu, akiielekeza kwenye kioo. Nikagundua kwamba amekuwa akiitikia siku zote hizo.

Nilimweleza. Nilimwambia hicho ni kiprogramu cha walaghai. Kinaingia kwa hila, kinauteka mlango wa intaneti, kila unachotafuta kinakiona na kukupeleka wanakotaka wenyewe. Jina la baba kimelichukua humu humu, kwa sababu mwenyewe aliliandika siku aliponunua mashine. Na maneno yale yametafsiriwa na mashine, ndiyo maana Kiswahili chake kimepinda.

"Mimi nilidhani ndivyo wanavyosema huko alikokwenda," mama akasema. "Hata mimi Kiswahili nilikikuta shuleni."

Nikamuuliza kama nikiondoe.

Akazifunga ncha za kitenge, akazifungua. "Kama si yeye, toa. Kama ni yeye, hatakukasirikia."

Nikaanza. Kwenye mipangilio nikakuta kiongezeo, kijiprogramu cha nyongeza nisichokijua, kimejibandika, nikakifuta. Nikarudisha ukurasa wa zamani. Nikazuia vile visanduku vya kona visije tena. Ilionekana kazi imekwisha. Nikaizima mashine, nikaiwasha tena ili nimwonyeshe mama.

"Karibu kurudi," na jina la baba.

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni, nikamsikia akisogeza sufuria ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

Nikajua kuna mzizi. Kuna kitu ndani ya mashine yenyewe kinachourudisha ule ukurasa kila inapowashwa. Nikafungua sehemu inayoonyesha programu zote, nikashuka taratibu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa chache na nilizijua: ya kuandikia, ya kuchapishia, ya nyimbo za kwaya. Katikati yake ilikuwepo moja yenye alama ya moyo mwekundu. Jina lake lilikuwa la Kiingereza, maana yake kipima moyo.

Nikalisoma mara ya pili.

Baba alianguka bafuni asubuhi, akafa kabla gari halijafika. Daktari alituambia ni moyo. Sote tulisema kwamba hakuwahi kulalamika hata siku moja. Tulilisema hilo msibani, tukalisema kanisani, kama sifa.

Nikamwita mama. Nikamwonyesha ule moyo mdogo mwekundu, nikamwambia: hiki ndicho kilicholeta yote. Baba alikichukua mwenyewe kwenye intaneti, akidhani kitampima.

Aliinama akatazama. Alitazama sana.

"Alikuwa anaweka kidole hapo," akasema. "Hapo kwenye kioo. Asubuhi, kabla ya chai. Anakiweka, anasubiri. Mimi nilifikiri anafuta vumbi."

"Kilikuwa kinamjibu nini?"

"Sikuona. Ila akimaliza alikuwa anafurahi. Anakuja mezani anakula."

Kioo kile hakina uwezo wa kupima chochote. Ni kioo tu. Waliotengeneza kitu kile walijua hivyo, wakamwacha mzee akibonyeza kidole chake juu yake, wakamwambia ni mzima.

Nikabofya kukiondoa. Kikauliza, kwa Kiswahili kile kile kilichopinda: "Wewe una uhakika kutuacha sisi?"

"Usimjibu vibaya," mama akaninong'oneza.

Nikabofya ndiyo. Kikauliza tena kwa maneno mengine, nikabofya tena. Halafu nikatafuta kule kilikojipangia kazi ya kujirudisha, nikafuta. Nikakagua na ile alama ya kufungulia intaneti, nikakuta wameibandika anwani yao nyuma yake, nikaitoa. Nywila za baba nilizibadilisha zote, ingawa mwenyewe hakuwepo wa kuzitumia. Nikazima, nikawasha.

Ukurasa ukaja mweupe, na kisanduku cha kutafutia katikati. Tulikaa tukisubiri. Hakuna mlio. Kona ya chini ilibaki tupu.

"Sasa hakuna mtu?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

Akalia. Msibani hakulia hivyo. Pale alilia kama mtu aliyeachwa stendi na basi la mwisho, nami nikamshika mabega, nikiuogopa weupe ule wa kioo kuliko nilivyoyaogopa yale maneno.

Alipotulia nilimuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza baba.

"Na wewe mama, unajisikiaje kifuani?"

Alitaka kusema mzima, nikaona mdomo ukianza. Kisha akasema, "Nikipanda kile kilima cha kanisani, nasimama mara nyingi."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Nesi alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, kikajaa upepo, kikalegea. Presha ilikuwa juu. Akaandikiwa dawa, akapangiwa kliniki, na hadi leo anakwenda. Njiani kurudi alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza kama Mbeya nako kuna baridi hivi. Nikamwambia Ilomba ninakoishi kuna baridi zaidi. Akasema basi atanifumia sweta, na tukasimama kidogo apumzike.