Mifupa ya Kale na Ndugu Yangu wa Kangemi

Iko siku moja ambayo siisahau, mwanangu, nilipokaa mbele ya meza ya maabara katikati ya jiji la Nairobi nikitamani kulia kwa ajili ya mtu aliyekufa zama za kati. Usinicheke. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nikitafiti jinsi watoto wa mji mmoja wa kale wa pwani walivyokua, kwa kuchunguza mifupa iliyofukuliwa katika makaburi yao. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nilikuwa bado sijaishi sana.

Ujue kwamba mfupa wa mtoto, ncha zake huwa hazijashikana na mfupa wenyewe. Hushikana polepole mpaka mtu akomae. Basi yule wangu ncha zake zilikuwa bado wazi. Mtoto huyu, nikasema. Lakini mabegani alikuwa na alama nene za misuli, kama za mtu aliyezoea mizigo mizito, tena walimzika katikati ya wakubwa, si upande wa watoto. Nikimwita mtoto, kaburi linakataa. Nikimwita mtu mzima, mifupa inakataa. Nilichanganyikiwa hadi nikawa nasahau kula.

Na nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mdogo wangu Wekesa alikuwa ametoka jandoni kwetu magharibi, likizo ya Agosti. Shule zilipofunguliwa hakurudi. Akaenda mjengo, nyumba ilipokuwa ikijengwa kando ya barabara ya Waiyaki Way, kubeba mawe. Baba yetu alikuwa amefariki, mama anauza mboga soko la mtaa wetu wa Kangemi, na mwalimu mkuu ameshasema kwamba kijana asipoonekana karibuni nafasi yake atapewa mwingine. Mimi dada mkubwa nikaona mzigo huo ni wangu. Nikamfuata pale pale kwenye mawe.

"Wewe ni mtoto," nikamwambia. "Hata mifupa yako haijamaliza kukua. Kesho unarudi shule!"

Wenzake wakaacha kazi, wakatugeukia. Mwanangu, kumwita mtoto mtu aliyetoka jandoni, tena mbele ya watu! Akaliweka jiwe chini taratibu.

"Sister, hiyo maneno usirudie. Mimi si mtoto. Enda tu usome mifupa yako."

Nikamwendea mama, nikamkuta anakatakata sukuma wiki. "Huyo ni mtu mzima sasa," akasema. "Mimi siwezi muuliza analala wapi. Wewe ndio umesoma, jaribu." Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yangu siku hizo yalikuwa ya mifupa tu. Nikaondoka nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Nilikwenda Parklands kwa Profesa wangu, mama mzee mwenye ulimi mkali, nikamwaga yote mawili kwa pamoja, la kaburini na la nyumbani. Alinisikiliza huku anamenya chungwa.

"Huyu wa zamani amenyamaza karne na karne," akasema. "Mfupa utakwambia amekua kiasi gani na pengine amebeba nini. Watu wake walimhesabu nani, hilo hautakwambia, hata uutazame mpaka upofuke. Sawa. Na huyu wa Kangemi? Si anaongea?"

"Anaongea."

"Umemuuliza kwa nini ameacha shule?"

Nilikuwa nimemwamrisha, nimemtukana, nimempima kwa macho. Kumuuliza, la.

"Basi toka hapa," akasema. "Unasumbua wafu na walio hai wanakungoja."

Nikarudi mjengoni, nikamvuta Wekesa kando ya rundo la mchanga, nikamwomba radhi, nikamuuliza. Alichezea mchanga kwa ncha ya kiatu hadi nikadhani hatajibu.

"Nyumba ya mathe ni room moja," akasema akitazama chini. "Nimetoka jando. Nitalala wapi? Hapa foreman ananiachia nilale kwa store ya simiti. Nikirudi shule, hiyo store inaenda."

Ee Mungu wangu! Kwetu mwana aliyetahiriwa halali tena katika nyumba ya mamake. Kijijini angejijengea kibanda uani. Kangemi angejenga wapi, juu ya mtaro? Desturi hii niliijua tangu utotoni, na bado nilikuwa nikitafuta desturi za waliokufa huku yangu imemtoa ndugu yangu nje. Nililia pale pale mbele ya mafundi.

Juma halikuisha kabla mzee mmoja wa kanisa letu, niliyemweleza habari hiyo, hajampa chumba nyuma ya karakana yake ya useremala, Wekesa akakaa humo pamoja na mwenzake aliyetoka naye jandoni. Akarudi darasani na shati lililokwisha kumpungukia mikono. Na yule wa kale? Sijui mpaka leo. Niliandika kwamba sijui, na Profesa akakubali.

Basi shika hili, mwanangu. Elimu ni njema, isome hadi mwisho. Lakini mtu akikutatiza naye yu hai, usimpime kwa mbali. Muulize, kuuliza si ujinga. Kisha unyamaze, kwa maana jibu lenye aibu huchelewa kutoka. Na kabla ya kumwambia mtu arudi, jua kwanza kama ana pa kurudi.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa majibu, na nyumba yako isikose pembe ya kumlaza ndugu.